Diski Iliyogoma Kwenye Sabini na Moja

Nyumbani,
Jumanne, saa nane mchana.

Kwa Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana zikufikie, wewe na shemeji na wote walio chini ya paa lenu. Natumaini goti limepoa na ile dawa ya kuchua unaitumia, maana nakujua: ukipewa dawa nzuri unaifungia kabatini kungoja siku utakayoumwa zaidi. Shemeji bado anagombana na jirani kwa ajili ya ukuta? Mwambie nimesema ukuta hauna masikio, amsemeshe jirani. Sisi huku tu wazima wa mwili. Wifi yako anakusalimu, ameenda kwenye kikao cha wazazi shuleni na hatarudi mpaka jioni. Mimi leo sikwenda kazini. Nimetuma ujumbe kwamba nina mafua. Sina mafua.

Utashangaa kupata barua katika zama hizi. Nilikupigia simu mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza nikakuuliza habari za mvua, mara ya pili nikakuuliza tena habari za mvua, ukanicheka ukasema labda nimeanza kilimo. Sikuwa na shida na mvua, Dada. Nilitaka kusema jambo, nikaona kwenye simu utanikata kauli kabla sijafika ninapokwenda, na mimi nitafurahi kukatwa. Karatasi haimkati mtu kauli. Hata hivyo tangu nianze ukurasa huu nimeshasimama mara nne, mara kunywa maji, mara kufunga dirisha, mara kulifungua.

Habari yenyewe ni ya mwanao. Wifi yako alishakueleza kwamba amesimamishwa kazi kwa kuharibu diski ya ofisi, na kwamba Ijumaa hii Mkuu wetu ataamua kama arudi au aondoke kabisa kabla hata miezi yake mitatu ya majaribio haijaisha. Hayo uliyoyasikia ni nusu. Nataka nikupe yote kwa mpangilio, univumilie nikizunguka.

Unajua jinsi alivyopokelewa pale karakana ya miwani. Mimi ndiye niliyeipeleka barua yake ya maombi kwa Mkuu, lakini kazi aliipata kwa mikono yake mwenyewe. Wiki ya kwanza tu akafufua printa ambayo sisi tulikuwa tunaiwekea sufuria ya maua. Wakambatiza jina la Fundi Pole, kwa sababu kila akifungua kompyuta huanza kwa kuiambia pole, kama daktari mbele ya mgonjwa. Fundi wetu wa lenzi, yule mzee mwembamba tunayemwita Milimita kwa jinsi anavyogombania vipimo, alimcheka siku mbili, siku ya tatu nikamsikia naye anaipa pole patasi yake. Nilitembea pale kifua mbele, Dada. Nilikuwa namtambulisha kwa watu ambao walikuwa wanamjua tayari.

Sasa, mashine ya kukatia lenzi huendeshwa na kompyuta, na kompyuta ile ya zamani ilikufa Jumatatu moja asubuhi bila kuaga mtu. Ikanunuliwa mpya. Programu ya ile mashine ilikuwa kwenye diski moja tu, iliyokuja nayo miaka kumi na moja iliyopita, na kampuni iliyoitengeneza ilishafunga milango. Diski ilikuwa kwenye kabati la stoo yangu. Nikaitoa, nikamkabidhi mwanao, naye akasaini kwenye daftari langu kwamba ameipokea ikiwa nzima. Ndivyo ulivyo utaratibu wangu, hakuna kinachotoka stoo bila sahihi, hata sindano.

Akaipa kompyuta pole, akaingiza diski, kazi ikaanza kwenda vizuri. Kumi, thelathini, hamsini. Ilipofika asilimia sabini na moja ikakwama. Kompyuta ikaanza kukoroma, ikakoroma mpaka Milimita akauliza kama imekula, kisha likatokea tangazo kwamba diski haisomeki. Akarudia. Sabini na moja. Akarudia tena. Sabini na moja.

Mimi nilikuwa naingia pale kila baada ya nusu saa, na mwanao kwa adabu yake akawa ananieleza kila anachofanya. Kwanza alidhani ni vumbi. Akaifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, akasema watu wengi hufuta kwa kuzungusha na ndipo huichubua. Sabini na moja. Akadhani jicho la kompyuta linalosoma ndilo bovu. Akajaribu diski nyingine tatu, zote zikasomeka mpaka mwisho. Akaazima kisomeo kingine kutoka mapokezi, akakiunganisha kwa waya na kukiamuru kisome polepole. Safari hii ikafika sabini na mbili, tukapiga makofi kama watu waliofunga goli, ikafa palepale. Milimita akashauri tuisomee kwa sauti, huenda ikawa haikwenda shule.

Mwisho akaacha kuingiza programu moja kwa moja. Akaanza kunakili mafaili moja moja kwenye kompyuta, lile linalokataa analiruka, anazunguka na kulirudia baadaye, mara kumi, mara ishirini. Kazi hiyo ilichukua siku nzima na sehemu ya siku ya pili. Yalikuja yote isipokuwa tisa. Ila bila yale tisa mashine haiwashi hata taa.

Na watu walikuwa wanangoja, Dada. Tulikuwa na oda ya miwani mia moja na arobaini ya wanafunzi, na mtihani wao ulikuwa baada ya wiki mbili. Kulikuwa na mshonaji mmoja aliyevunja miwani yake, akawa anakuja kila asubuhi na kuketi kwenye benchi letu kama vile akikaa pale lenzi zitajikata zenyewe. Alituambia anashona kwa kupapasa, na kwamba jana yake alishona mkono wa shati mahali pa mfuko, mwenye shati akavaa akashukuru. Tulicheka naye. Alipotoka mwanao hakucheka tena. Alirudi kwenye ile kompyuta akakaa bila kula mpaka saa ya kufunga.

Siku ya nne asubuhi akaniambia amefikiri. Diski, akasema, huandikwa kuanzia katikati kwenda nje. Kama inagoma kwenye sabini na moja kila mara, basi kidonda kiko karibu na ukingo, na kidonda lazima kionekane. Akaazima lenzi ya kukuzia ya Milimita, akaukagua uso unaong'aa kidogo kidogo. Hakuona hata mchubuko. Kisha akaenda nayo dirishani.

Niruhusu hapa niruke, nitarudi. Nimesimama tena. Nimetoka mpaka uani na kurudi, na sikuwa nafuata kitu.

Keshoye Mkuu akaita kikao ofisini kwake. Tulikuwa wanne, yeye, Milimita, mwanao na mimi na daftari langu. Mkuu si mtu mbaya, ila shule tatu zilikuwa zinampigia simu kila siku, na mtu akipigiwa simu sana hutafuta wa kumkabidhi lawama. Akauliza diski ilitoka stoo ikiwa na hali gani. Nikafungua daftari, nikasoma: nzima. Akauliza nani aliipokea. Sahihi ya mwanao ilikuwa palepale, imenyooka vizuri. Akamgeukia akamuuliza nini kilitokea. Mwanao akasema kwa sauti ya chini kwamba huenda aliikandamiza sana wakati wa kuisafisha. Milimita akaguna, akasema hajaona mtu anayesafisha kwa mkono mwepesi kama ule. Mkuu akamuuliza tena mwanao kama ndivyo anavyosema. Akasema ndivyo. Basi akaambiwa akae nyumbani mpaka uamuzi utakapotolewa.

Mimi nilifunga daftari.

Uchungu mwingine ni huu: siku mbili kabla ya kikao alikuwa ameandikia karakana nyingine tatu zenye mashine kama yetu, kuuliza kama zina diski ile. Moja ilijibu na kutuma nakala baada ya yeye kuwa ameshaondoka. Milimita aliiingiza kwa kufuata maelezo ambayo mwanao aliyaacha kwenye karatasi, hatua kwa hatua, mashine ikaamka, na wanafunzi wakapata miwani yao siku nne kabla ya mtihani. Mshonaji naye alipata yake, akaondoka anasoma vibao vya barabarani kwa sauti. Mkuu alimpa Milimita mkono mbele ya watu wote. Milimita akasema mkono ule una mwenyewe, na mwenyewe hayupo. Nilijifanya nahesabu fremu.

Sasa nirudi dirishani, maana ndiko nilikokuwa nakukimbia.

Unanijua na namba zangu. Miaka kumi na tisa stoo ile imo mikononi mwangu na hakuna kitu kisicho na namba, kuanzia kiti mpaka ndoo mpaka kikombe cha Mkuu. Zamani nilitumia stika, zikawa zinabanduka. Nikatumia wino, ukawa unafutika. Nikajitengenezea kalamu ya chuma yenye ncha kali, nikawa nachora namba moja kwa moja kwenye kitu chenyewe, na namba iliyochorwa haifutiki. Wakaguzi walipokuja mwaka huu walisema hawajaona stoo kama yangu, wakaliandika hilo kwenye taarifa yao, nami nikanakili ile sentensi na kuibandika ukutani. Kabla hawajafika nilikuwa nimepita kabati zote. Nilipofika kwenye kabati la programu nilikuta diski moja haina namba. Nikaitoa kwenye kasha. Nikawa mwangalifu sana, Dada, nisiuguse uso unaong'aa, niliishika ukingoni kwa vidole viwili kama nilivyoona watu wakishika. Nikaigeuza, nikachora namba upande wa juu, ule wenye maandishi, karibu na ukingo ili isifunike jina la programu. Nikakandamiza vizuri ionekane.

Mwanao alipoiinua dirishani mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Mwanga ulipita. Niliona nami kutoka pale nilipokuwa, vitundu vidogo vya mwanga vimejipanga, tatu, moja, saba. Saba yenye kistari katikati. Wewe ndiye uliyenifundisha kuiandika hivyo nilipokuwa nachanganya saba na moja, na mwanao ulimfundisha hivyohivyo. Aliitazama muda mrefu. Kisha akanieleza, bila kugeuka, kwamba watu huogopa kuchubua uso unaong'aa, kumbe ule ni plastiki tupu na ukichubuka unaweza kusafishwa. Habari zenyewe zimelala upande wa juu, chini tu ya rangi, kwenye utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukiukwaruza huo, yaliyokuwepo hayarudi. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, zoezi la kuweka namba lilifika kabati la programu lini.

Nikamjibu sikumbuki, labda miaka mingi iliyopita.

Akasema haya, Mjomba. Akairudisha diski kwenye kasha, akafunga.

Alijua, Dada. Aliingia kwenye kikao kile anajua, akasikia nikisoma neno nzima kwenye daftari langu anajua, akajitwisha mzigo wangu mbele yangu ili mjomba wake asivuliwe nguo mbele ya Mkuu na Milimita. Nami nikamwacha. Nilijiambia yeye ni kijana, kazi atapata nyingine, mimi ni mtu mzima nina jina langu. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho nikasema keshokutwa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nimeitembea siku kumi na mbili nikizunguka palepale.

Wala hilo silo baya kuliko yote.

Jumamosi ulimpigia simu mwanao. Nilikuwa sebuleni, nikasikia sauti yako kutoka chumbani kwake ingawa maneno sikuyapata. Baadaye wifi yako akanieleza ulichosema: kwamba ametia aibu jina la mjomba wake aliyemtoa mbali, na kwamba usingependa kumwona nyumbani kwako kabla hajaniomba radhi. Ulisema kwa uchungu wa mzazi, sikulaumu hata kidogo, ulisema kwa kile ulichoambiwa. Jumapili baada ya chakula cha mchana wifi yako alikwenda kuosha vyombo. Mwanao akaja sebuleni. Akapiga magoti pale kwenye zulia, mtoto yule mrefu, akainamisha kichwa, akasema Mjomba nisamehe kwa aibu niliyokuletea kazini.

Nilikuwa na nafasi, Dada. Mlango ulikuwa umefungwa. Hapakuwa na Mkuu wala Milimita wala daftari. Ilikuwa ni mimi na yeye tu.

Nikamwambia nimekusamehe.

Na ili nionekane mwema zaidi, nikamwekea mkono kichwani. Akasema asante Mjomba, akainuka, akaenda kusaidia kuosha vyombo. Tangu dakika ile sijalala usingizi wa maana, chakula nakitafuna tu, na kila mtu akiita Mjomba humu ndani nashtuka. Naona aibu, Dada. Naona aibu mpaka ya kutembea nyumbani kwangu mwenyewe.

Maelezo ya Mkuu nimeshayaandika asubuhi, nakala mbili, nimetia sahihi, yako kwenye bahasha hapa mezani. Nimeeleza nilichochora, nilivyochora, na kwamba sahihi ya mwanao isihesabiwe kwa kuwa ilisema nzima kwa kuamini neno langu. Kesho saa mbili kamili nitakuwa mlangoni kwa Mkuu. Akitaka funguo za stoo atazipata, nimeshazitoa kwenye mkanda. Kwako naomba jambo moja: mpigie mwanao simu, umfutie yale maneno ya Jumamosi. Mimi nikasirikie utakavyo, hata mwaka mzima, nitakuwa nakupigia kuuliza habari za mvua mpaka utakapochoka.

Kwake yeye ndipo niliposhindwa. Nimeweza kumwandikia Mkuu, nimeweza kukuandikia wewe, lakini kwenda chumba cha pili na kufungua mdomo sijaweza. Nimeshafika mlangoni pake mara mbili leo. Mara ya kwanza nikamwuliza kama ameona miwani yangu. Nilikuwa nimeivaa.

Basi Dada, nisikuchoshe. Msalimie sana shemeji, wasalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao, na jirani wa ukuta pia msalimie, huenda ikasaidia.

Nilikuwa nakaribia kutia sahihi hapo, mwanao akaingia na kikombe cha chai ambacho sikukiomba. Ameona karatasi zilivyojaa, akauliza namwandikia nani barua ndefu hivi. Nikamwambia mama yako. Akakiweka kikombe mbali na karatasi zisije zikalowa, kisha akaniomba kama bado nina nafasi hapa chini nimwongezee salamu. Anasema anakusalimu sana, goti lipone, na umsamehe.

Nimeziandika kama alivyozisema. Nimemwambia hiyo ya mwisho hawezi kuituma kabla hajasoma yaliyotangulia, nikampa kurasa zote isipokuwa hii. Hakukaa. Anasoma amesimama, pale dirishani kwenye mwanga, na mimi nimebaki na kalamu, naandika ili nisimtazame. Sasa amegeuza ukurasa wa kwanza. Ametabasamu kidogo, nadhani amefika kwa Milimita. Sasa hatabasamu. Amegeuza wa pili.

Amefika kwenye zulia. Najua kwa sababu ameketi.

Ni mimi, mdogo wako.